Mawe Meusi ya Makunduchi Hayakutoka Motoni

Ukikaa pwani ya mashariki ya Unguja muda wa kutosha, utamsikia papasi, yule anayewafuata watalii ili awatembeze, akimwambia mgeni kwamba yale mawe meusi yaliyochongoka, yanayoanzia Kizimkazi yakapita Makunduchi na Jambiani mpaka Michamvi, ni ya volkeno. Mgeni anatikisa kichwa, anapiga picha, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya boti ya kwenda kuangalia pomboo. Wala si papasi peke yake. Nimewasikia watu wazima, wenyeji wa huko huko maweni, wakisema zamani palitoka moto hapa. Siwalaumu. Jiwe ni jeusi, limejaa matundu, ukijikwaa linakuchuna mpaka nyama, na ndara za dukani hazimalizi msimu mmoja wa kulima. Ndiyo maana wazee walishikamana na katambuga za mpira wa gari. Mtu aliyeona picha za lava ya Hawaii au Aisilandi akifika Makunduchi atasema haya ndiyo yale.

Siyo. Unguja na Pemba hazina volkeno. Mawe tunayoyaona juu ya ardhi katika visiwa hivi ni ya baharini, na haya ya maweni yalijengwa kwa sehemu kubwa na viumbe hai. Lava nayo ipo, tena si mbali sana: ukivuka bahari kwenda Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, utaikuta imeshuka mpaka ufukweni. Halafu ipo ile ya Aisilandi, iliyofunikwa na vimea laini vya kijani, ambayo picha zake zinazunguka kwenye simu na kuwavuta hata vijana wetu wanaosoma au kufanya kazi Ulaya. Aina hizi tatu zinachanganywa kila siku, na kila moja inataka kukanyagwa kwa namna yake, au isikanyagwe kabisa.

Tuanze na la nyumbani, maana jibu lake halihitaji maabara. Okota kipande cha jiwe la maweni ukivunje kwa nyundo. Weusi wote uko kwenye ngozi ya juu, tena mwembamba. Ndani ni jeupe, au jeupe lililoingia umanjano. Kiweke juani ukitazame kwa karibu. Mara nyingi utaona vijinyota vidogo vidogo vilivyopangana, kila kimoja ni kitundu alimokuwa akiishi mdudu mmoja wa tumbawe. Pembeni kuna kipande cha kombe, pengine kombe zima limebanwa humo, pengine mchanga wa pwani ulioganda. Sasa likwaruze kwa kisu mpaka upate unga kidogo, uukamulie ndimu. Unga utafoka vipovu. Hiyo ni kalisiamu kaboneti, jamaa wa chokaa, imekutana na tindikali na inatoa gesi ya kaboni dioksidi. Lava ya kawaida ukiikamulia ndimu utakuwa umeiosha tu.

Wachoma chokaa wa Unguja wamekuwa wakilijibu swali hili kwa karne nyingi bila kulitaja. Wanapanga magogo, juu yake wanapanga mawe ya matumbawe, wanawasha na kuuacha moto ufanye kazi yake. Jiwe linalotoka humo ni jepesi na jeupe, na likimwagiwa maji linatoa mvuke, linapasuka, linakuwa unga. Kuta za Mji Mkongwe ni matokeo ya kazi hiyo: mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na juu yake boriti za mikoko. Ungeipanga lava kwenye tanuu lile lile ungepoteza kuni zako bure.

Basi kama ni matumbawe, mbona yako nchi kavu, tena mengine mbali na maji? Kwa sababu bahari haikai mahali pamoja. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita hali ya hewa ya dunia ilikuwa ya joto, barafu nyingi ilikuwa imeyeyuka, na uso wa bahari ulikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9 hivi. Pwani nyingi ambazo leo ni maweni zilikuwa chini ya maji, na matumbawe yakiota humo. Kisha baridi ikarudi, maji yakafungika kwenye barafu huko kaskazini na kusini mwa dunia, bahari ikashuka. Matumbawe yakaachwa juu, yakafa, yakagandamana kuwa mwamba.

Bahari haikuishia hapo. Miaka kama 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya leo kwa mita 120 hivi, na mkondo kati ya Unguja na Bara, ambao kina chake ni kidogo, ulikuwa nchi kavu. Mnyama alikuja Unguja kwa miguu. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hawapo tena katika misitu ya kisiwa hiki. Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo haukukauka. Unguja ikawa na chui wake na Pemba ikakaa bila chui. Mimi ningekuwa papasi ningeuza hadithi hii. Punda milia aliyetembea kutoka Bara mpaka Jambiani anamshinda volkeno wa uongo kwa mbali.

Bado kuna ule weusi na ule ukali, ambao ndio unaomdanganya mtu. Mvua inaposhuka hubeba kaboni dioksidi ya hewani na kuwa tindikali dhaifu, dhaifu kabisa, lakini jiwe la chokaa haliivumilii. Kila tone linalamba kidogo. Pale jiwe lilipokuwa laini linaliwa zaidi, pale lilipokuwa gumu linabaki limesimama, na baada ya maelfu ya miaka unapata yale meno yanayochana ndara. Karibu na bahari, mawimbi na wadudu wanaotoboa mawe hulila jiwe kwa chini, ndiyo maana kuna majabali pale Michamvi na Nungwi yaliyokonda kiunoni na kupanuka juu. Weusi nao ni uhai: vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama majani yanavyofanya, vinakaa kwenye ngozi ya jiwe na vingine vinatoboa ndani kidogo kuukimbia ukali wa jua. Kwa hiyo kile tunachokiona kimeungua hakikuungua. Kimeota.

Lava ni kinyume cha hayo yote. Ni mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi ukapanda juu kupitia ufa au mdomo wa mlima. Ile iliyoenea zaidi duniani, ambayo ikiganda huitwa basalti, hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi. Ikigusa hewa huganda kuanzia juu, kama uji unavyofanya utando bakulini huku chini bado unaunguza. Ikienda taratibu na ikiwa laini, utando huo unakunjamana na kuacha uso wa mikunjo ambao mtu anaweza kuutembelea vizuri. Ikiwa imeanza kuwa nzito na inasukumwa kwa nguvu, utando unavunjika na kuwa marundo ya mawe yenye meno. Wanajiolojia wa dunia nzima wamezichukua aina hizo mbili kwa majina ya Kihawaii, pahoehoe na aa. Hii ya pili, ukiitazama kwa mbali, ndiyo inayofanana na maweni ya kwetu.

Matundu ndiyo yanayotofautisha. Ya lava yalifanywa na gesi iliyokuwa ikijaribu kutoka wakati mwamba unaganda. Ni vijiputo vilivyonaswa, vya mviringo au vilivyovutika kufuata mwendo wa lava, na ukivunja jiwe utavikuta mpaka ndani. Ya maweni yalichimbwa na maji na wadudu kutoka nje kuingia ndani, yamekaa ovyo, mengine yamepenya upande wa pili, mengine yana udongo mwekundu chini.

Nilisema "lava ya kawaida" kwa makusudi, kwa sababu Tanzania hii hii ina mlima unaovunja utaratibu. Oldoinyo Lengai, kule karibu na Ziwa Natron, hutoa lava iliyojaa kaboneti za sodiamu na kalisiamu, kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, na ikishapoa hugeuka kutoka nyeusi kuwa nyeupe kwa muda mfupi ikipata unyevu wa hewa. Hiyo ungeikamulia ndimu ingefoka. Hakuna volkeno nyingine duniani leo inayotoa lava ya namna hiyo, kwa hiyo usiifanye kipimo.

Mzanzibari anayetaka kuiona lava ya kawaida asianze na Ulaya. Aende Ngazidja, ambako nusu ya mitaa ya Mji Mkongwe ina shangazi au mjomba. Kisiwa hicho chote ni volkeno. Mlima wake mkubwa, Karthala, una urefu wa mita 2,361 na uko hai. Tangu karne ya 19 umelipuka zaidi ya mara 20. Mwaka 1977 lava ilishuka ikaangamiza kijiji cha Singani, upande wa kusini-magharibi. Mwaka 2005 ulitoa majivu yaliyofunika vijiji na kuingia kwenye matangi ya maji ya mvua. Hilo la matangi lilikuwa pigo kubwa kuliko mtu wa nje anavyofikiri, kwa sababu Ngazidja haina mito ya kudumu: lava ina nyufa na matundu mengi mno, mvua ikinyesha inazama yote.

Hapo ndipo maweni na lava, vilivyozaliwa kwa njia mbili tofauti, vinapokutana. Mtu wa Makunduchi na mtu wa Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko Ngazidja, wote wawili wanaishi juu ya jiwe linalokunywa maji. Kwetu, maji ya mvua huzama mpaka yakute maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, yanaelea juu yake chini ya ardhi. Visima na mapango ya shamba, pamoja na lile la Mangapwani upande wa magharibi, vinatoa maji hayo. Ukivuta kwa pampu kuliko mvua inavyorudisha, chumvi inapanda. Kila anayejenga hoteli ya mabwawa ya kuogelea juu ya jiwe hili angepaswa kuulizwa swali la maji kabla ya swali la ramani.

Sasa twende kwenye ule uwanda wa kijani. Maarufu kati ya nyanda hizo huitwa Eldhraun, kusini mwa Aisilandi, karibu na kijiji cha Kirkjubæjarklaustur. Tarehe 8 Juni 1783 ardhi ilipasuka kwa ufa wa zaidi ya kilomita 25, ukajipanga kwa midomo ya volkeno zaidi ya 100 inayojulikana kwa jina la Laki, na lava ikaendelea kutoka mpaka Februari 1784. Ilifunika eneo la kilomita za mraba zinazokaribia 600. Iweke juu ya Unguja, ingemeza zaidi ya thuluthi ya kisiwa.

Lakini kilichoua watu wengi hakikuwa lava. Kilikuwa gesi. Salfa dioksidi ilitanda, na florini ikatua kwenye majani na kuwaharibu kondoo meno na mifupa. Kondoo wengi wa nchi ile walikufa, njaa ikafuata, na kati ya watu watano wa Aisilandi alikufa kiasi cha mmoja, wapo wanaosema zaidi. Ukungu mkavu ulifika Ulaya. Benjamin Franklin, mwanasayansi na mjumbe wa Marekani aliyekuwa Paris, aliandika juu yake mwaka 1784 na kutaja volkeno ya Aisilandi miongoni mwa sababu zinazowezekana. Mchungaji Jón Steingrímsson aliyaandika yaliyomfika na waumini wake siku kwa siku, na maelezo hayo bado wanasayansi wanayatumia.

Kwa hiyo mtu anayesimama leo kando ya barabara akaona kijani kimetandaa mpaka upeo wa macho, mawimbi mawimbi, bila mti, anatazama mahali palipokuwa jiwe tupu. Kilichopafunika ni vimea vidogo vya jamii ile inayoota kwetu kwenye kuta za ndani za visima na kwenye birika za zamani za misikiti, ingawa aina yake ni tofauti. Wanasayansi huiita Racomitrium lanuginosum. Haina mizizi. Hainyonyi chochote kutoka kwenye jiwe. Inalishikilia tu, na maji yake yote inayapata kwa mvua na ukungu kupitia majani yenyewe. Kila jani lake dogo lina unywele mweupe kwenye ncha, ndiyo maana uwanda ukikauka unageuka kijivu, na mvua ikipiga unarudi kijani kwa muda mfupi tu. Mgeni aliyefika siku ya jua hudhani vimekufa. Vimelala.

Vinaongezeka kwa sentimita moja kwa mwaka au chini ya hapo. Pengine tandiko limefikia unene wa shubiri na kupita. Hesabu mwenyewe: miaka 240 imeshapita tangu Laki, na bado sehemu kubwa ya Eldhraun ni vimea hivi, kwa sababu majani marefu na vichaka vinangoja udongo, na udongo unangoja vimea vife, vioze, vinase vumbi linaloletwa na upepo. Kwa nini basi buti moja ni tatizo? Kwa sababu kiatu kinavikata vikiwa havina mizizi ya kurudisha chipukizi. Alama ya mguu inaweza kukaa miongo. Pakishafunguka tundu, upepo wa kule, ambao si mchezo, unaingia chini na kulikunja tandiko lililo jirani.

Wapo wageni waliong'oa vimea ili kuandika herufi kubwa ubavuni mwa mlima. Bonde jembamba la Fjaðrárgljúfur, si mbali na uwanda huu, ilibidi lifungwe kwa muda mwaka 2019, baada ya video ya muziki ya mwimbaji mmoja mashuhuri wa Canada kuwaleta watu wengi kuliko njia zilivyoweza kubeba. Kuendesha gari nje ya barabara ni kosa la jinai nchi nzima. Kwa hiyo ukibahatika kufika, simama palipotengenezwa, pita kwenye kokoto au kwenye jiwe tupu, na ukitaka kujua ulaini wake inama uguse kwa kiganja. Kuna sababu nyingine ya kutojitosa, isiyohusu mazingira hata kidogo: chini ya kijani kuna nyufa zilizozibwa kwa juu tu, na mguu ukizama humo unaweza kuvunjika.

Watu huniuliza kwa nini maweni yetu hayaoti kijani namna ile, na mvua tunayo. Ni kweli, kwa mvua ya mwaka hatupishani nao sana. Tunapishana kwa joto. Kule Julai yenyewe ni baridi, unyevu unakaa juu ya jiwe. Kwetu mvua ya Masika ikikatika, jua la saa nne limeshalikausha jiwe, na maji mengine yameshazama. Mmea usio na mizizi hauna pa kukimbilia, kwa hiyo unajificha: midomoni mwa mapango, kwenye visima, kwenye kivuli cha msitu wa Jozani.

Jiwe la uwazini limeachiwa vile vijidudu vyeusi, na mimea mikubwa imeshika njia nyingine kabisa. Nenda maweni baada ya mvua uangalie ndani ya matundu. Pana udongo mwekundu, kiganja kimoja hapa, karai moja pale, na humo ndimo mkulima amechomeka bua la muhogo, punje za mtama, mbegu ya mpapai. Mgeni anaona pori la mawe. Mwenye shamba anajua kila tundu lake, na kandokando amepanga kuta za mawe kuwazuia nguruwe mwitu. Ukipita hapo, kanyaga jiwe na uache udongo, hata kama jiwe linauma. Na kwa jina la Mungu usiokote mawe yenye vijinyota ukatia mkobani; jumba la makumbusho lina yake.

Volkeno halisi, hata hivyo, huwa inafika kwetu, ila kwa kuelea. Krakatau ilipolipuka Agosti 1883, kule Indonesia, sauti yake ilisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800, na ilitupa baharini mawe mepesi yaliyojaa hewa, ya aina ile tunayosugulia visigino. Yalibebwa na mkondo kuvuka Bahari ya Hindi, na mwaka uliofuata yalikuwa yakitupwa kwenye pwani za Afrika Mashariki, Unguja ikiwemo. Volkeno za baharini bado zinatoa mawe ya namna hiyo mara kwa mara. Ukitembea pwani upepo wa kusi ukishatulia, angalia kwenye ule mstari wa mwani mkavu na vifuu vya nazi: kijiwe cha kijivu, chepesi kupita kiasi, kilichomomonyoka pembe zote. Kitie kwenye ndoo ya maji. Kikielea, kimetoka motoni.